Virusi Vilivyong'olewa Meno

Juzi nilikuwa Gataka, katika Kaunti ya Kajiado. Baada ya sala ya Isha tulikaa barazani kwa mwenyeji wangu, na jirani yake, mzee mfugaji, akaniuliza: "Mwanangu, ni kweli wazungu wanatia virusi vya ukimwi katika dawa ya saratani?"

Ni kweli, lakini si kwa namna inayomtisha mtu.

Virusi vya jamii hiyo, yaani retrovirusi, huingia ndani ya seli na kupachika jeni zao katikati ya jeni za mwenye mwili, zikakaa humo. Wataalamu wakaona bora walikamate jahazi, wamshushe haramia, wapakie shehena yao. Mwaka 1983 Richard Mann, Richard Mulligan na David Baltimore wa Marekani walionyesha njia: jeni za kuzaliana huwekwa kando, katika seli za maabara. Chombo kinachoundwa humo huweza kuingia katika seli, lakini hakizai kingine.

Kwa saratani, shehena ni jeni inayozifundisha chembe nyeupe za damu kumtambua adui. Chembe hizo hutolewa kwa mgonjwa, hupachikwa jeni, kisha hurudishwa mwilini. Emily Whitehead wa Marekani, mwenye saratani ya damu, alitibiwa hivyo mwaka 2012 akiwa na miaka 6, akapona. Agosti 2017 dawa hiyo, Kymriah, ikaidhinishwa huko. Chombo chake kimetokana na virusi vya ukimwi, na ganda lake (hapa mzee alicheka) limeazimwa kwa virusi vya maradhi ya midomo ya ng'ombe wa Marekani, maana ganda hilo hupokewa na seli za kila namna.

Khatari ipo kwenye gati. Huko Paris na London watoto 20 waliozaliwa bila kinga walitibiwa kwa chombo cha virusi vya panya. Kwa baadhi yao kilitua karibu na jeni ya kukuza seli, kikaiwasha. Watano walipata saratani ya damu, mmoja akafa. Ndiyo maana siku hizi waundaji hukata kwanza viwashio vya virusi. Hata hivyo, tangu 2024 dawa za aina ya Kymriah hubeba onyo la saratani mpya huko Marekani.

"Na bei?" akauliza mzee.

Nilimwambia ilipoanza kuuzwa ilikuwa dola 475,000. Akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa ng'ombe.