Wimbi Refu, Shabaha Ndogo

Ngoma ya lokole ikipigwa jioni kijijini huko Yahuma, Kongo, sauti yake nzito hupenya msitu hadi vijiji vya mbali. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita kadhaa, kupita unene wa shina la mti, kwa hiyo hulizunguka shina na kuendelea. Msikilizaji wa mbali hawezi kujua kama shina ni la mviringo au lina mbavu.

Nyutroni, chembe ya kiini cha atomu, nayo ni wimbi, na kadiri inavyopunguza mwendo, ndivyo wimbi lake linavyorefuka. Ikishapoa hadi joto la maji ya kawaida, wimbi hilo huushinda upana wa nguvu ya nyuklia mara makumi ya maelfu. Ikiigonga protoni, chembe nyingine ya kiini, haiwezi kutueleza umbo la nguvu inayozivuta. Hutupa tarakimu moja tu: ukubwa wa shabaha, unaopimwa kwa barni.

Ni tarakimu hiyo iliyowashangaza wanafizikia wa miaka ya 1930. Walikwisha kuijua deuteroni, yaani protoni na nyutroni zilizoshikana, ambayo huvunjwa kwa nishati ya MeV 2.2. Kutokana nayo walitarajia shabaha ya barni 4 hivi. Vipimo vikaonyesha kama 20.

Mwanafizikia Eugene Wigner ndiye aliyeona kilichosahauliwa. Kila moja ya chembe hizi ina spini, mfano wa pia izungukayo. Katika deuteroni spini mbili huelekea upande mmoja. Katika mgongano, mara moja kati ya nne huelekeana kinyume. Hapo nguvu hukaribia sana kuzishika chembe, kisha hushindwa kidogo tu, na kushindwa huko kwa karibu huikuza shabaha hadi barni 70. Robo ya 70, ukiongeza robo tatu za barni zipungukazo 4, ni 20. Kwangu hii ni hesabu nzuri kuliko zote katika somo hili: nguvu ya nyuklia hutegemea spini, na tumeijua bila kuiona sura yake.

Kongo iliitumia shabaha hiyo kupunguza mwendo wa nyutroni kuanzia 1959, kinu cha nyuklia cha TRICO I kilipowashwa Kinshasa, cha kwanza barani Afrika. Haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni, ilikuwamo ndani ya fueli yake na katika maji yaliyoizunguka. Nyutroni ilizaliwa ikienda maelfu ya kilomita kwa sekunde. Baada ya migongano 20 hivi na protoni, ilikuwa imepoa.