Injini Kuukuu: Mjue Aliyeiunda Kabla ya Kununua Spea

Kikundi kimoja cha akina mama karibu na Kiminini kilipata injini ya zamani iliyoachwa katika shamba la mlowezi. Walitaka iwaendeshee mashine ya kusaga, maana wamechoka kubeba debe la mahindi kichwani hadi mbali. Fundi mmoja akaitazama, akasema, "Ah, hii ni Lister tu." Wakachanga, wakanunua ringi za pistoni. Zikakataa kuingia. Mwenye duka naye akakataa kurudisha pesa. Tulipowatembelea, mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa amefika na mizani yake.

"Sasa tufanyeje, mwalimu? Tuuze kwa kilo?" mweka hazina akatuuliza.

Tukawaambia, ngojeni kwanza tujue ni nani aliyeiunda.

Injini kama hizi ni nyingi kwetu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba ya Trans Nzoia yalitumia injini za kukaa mahali pamoja kuvuta maji, kusaga na kupasua mbao. Kule Bungoma zimekamua miwa ya sukari guru. Watu huziita zote Lister, lakini viwanda vilikuwa vingi, na spea ya kimoja haiingii katika kingine. Basi fanyeni hivi:

1. Tafuteni kibao. Kwa kawaida ni cha shaba, kimepigwa ribiti ubavuni. Huandikwa jina la kiwanda, namba, nguvu za farasi na mizunguko kwa dakika. Msikibandue. Kumbukeni pia kwamba kibao kinaweza kuwa kimetolewa kwa injini nyingine.

2. Someni chuma chenyewe. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, osheni masizi kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, mbali na moto. Kisha pakeni chaki juu ya herufi zilizoinuka. Jina la mji husaidia: Dursley ni mji wa Lister, Yeovil ni wa Petter, Lincoln ni wa Ruston & Hornsby, Stamford ni wa Blackstone. Yote ni miji ya Uingereza.

3. Msidanganywe na jina la kifaa kimoja. Lucas kwenye magneto, au CAV na Bryce kwenye pampu ya dizeli, ni waliotengeneza kifaa hicho tu. Pengine mtaona jina la muuzaji, kama Gailey & Roberts iliyoanza Nairobi mwaka 1904. Huyo aliuza, hakuunda. Rangi nayo si ushahidi. Mtu yeyote hupaka.

4. Tazameni umbo. Lister ya dizeli aina ya CS ina silinda iliyosimama wima, magurudumu mawili makubwa mazito nje, na aghalabu kigurudumu kidogo cha mkono kichwani, cha kubadilisha mgandamizo wakati wa kuwasha. Ikiandikwa 6/1, maana yake ni nguvu za farasi 6, silinda 1. Hiyo huzunguka mara 650 kwa dakika.

5. Pimeni. Silinda ya 6/1 ina upana wa milimita 114.3, na pistoni husafiri milimita 139.7. Kupima ni lazima, kwa sababu huko Rajkot, India, viwanda vingi vimeunda injini za kufanana na Lister. Spea nyingi huingiliana, lakini si zote. Tena silinda iliyolika au kuchongwa upya huhitaji ringi kubwa zaidi.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba hayo waulizwe pia. Wengine wanakumbuka injini iliwashwa kwa petroli, mafuta ya taa au dizeli. Hilo peke yake huondoa majina kadhaa.

Wale akina mama wa Kiminini waliosha injini yao asubuhi moja. Chini ya masizi yakatokea maandishi ya Petter. Ringi za Lister zingeingiaje? Pesa za kwanza zimepotea, lakini mwenye mizani alirudi mikono mitupu. Sasa wana daftari lenye jina, namba na vipimo, na hakuna ununuzi bila daftari hilo.

Ya kujadiliana katika kikundi:
- Mashine yetu iliundwa na nani? Tumeandika wapi?
- Kabla ya kutoa pesa za spea, ni nani kati yetu anayehakikisha vipimo?