Damu Chooni: Si Kila Mara Ni Bawasiri

Wengi wetu tukiona damu chooni husema ni bawasiri, tukanunua dawa ya kupaka na mambo yakaishia hapo. Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli. Lakini nyakati nyingine ni saratani ya utumbo mpana, na mwezi huu tumeona tueleze jinsi inavyoanza.

Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku nne au tano hivi. Seli kuukuu hudondoka na kutoka na choo, mpya hupanda kutoka chini. Kazi hiyo huongozwa na ujumbe unaopita ndani ya seli. Protini iitwayo beta-katenini ikiingia kwenye kiini cha seli, huiamuru igawanyike. Ili amri isizidi, protini nyingine, APC, hushirikiana na wenzake kuivunja beta-katenini isipohitajika.

Jeni ya APC ilitambuliwa mwaka 1991. Katika saratani nyingi za utumbo mpana, jeni hiyo hukutwa imeharibika. Basi mjumbe hana wa kumzuia, na seli zinagawanyika tu. Kinachoota kwanza si saratani, bali kinyama kidogo kisichouma. Kwa kawaida hupita miaka 10 au zaidi, jeni nyingine kama KRAS na TP53 zikiharibika nazo, ndipo kinyama kigeuke saratani. Na vingi havifiki huko.

Miaka 10 ni mingi! Daktari akipitisha mpira wenye kamera kwa njia ya haja kubwa, anaweza kukiona kinyama na kukikata papo hapo. Tunakiri kwamba kipimo hiki hakipo katika kila hospitali, na gharama yake si ndogo.

Wapo pia wanaorithi jeni ya APC iliyoharibika. Hao huota vinyama mamia, hata maelfu, tangu ujana, na wasipotibiwa karibu wote hupata saratani. Kila mtoto wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Hapo hakuna aliyerogwa, wala si laana ya ukoo. Kama ndugu zako wameugua utumbo wakiwa bado vijana, mweleze daktari bila kuficha.

Ukiona damu, choo kikibadilika kwa majuma kadhaa, ukikonda au kuishiwa damu bila sababu, nenda ukapimwe. Na daktari akitaka kupima kwa kidole, usione haya; ni dakika moja tu.