Kiwanda cha Chai Hupimaje Kaboni Yake?

Baadhi ya wanunuzi wa ng'ambo sasa hutaka kujua chai ilitoa gesi joto kiasi gani kabla ya kuwafikia. Kiwanda kisicho na hesabu hakina cha kuwaonyesha, na chai hiyo ni ya mkulima.

Si lazima kufunga mtambo kwenye bomba la moshi. Kazi kubwa iko kwenye makaratasi: risiti za mafuta, bili za stima, daftari la kuni. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Basi jenereta iliyotumia lita 200 kwa mwezi imetoa karibu kilo 540.

Mwongozo unaotumika sana duniani, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, una mafungu matatu. La kwanza ni kile ambacho kiwanda chenyewe huchoma: boila, malori, jenereta. La pili ni umeme wa kununua. Hapa Kenya fungu hili huwa dogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu umeme wetu mwingi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana.

Kuni ndizo zenye utata. Mkaratusi uliopandwa ulivuta kaboni ukikua, kwa hiyo kaboni ya moshi wake huandikwa kando, nje ya mafungu. Lakini mti wa msituni uliokatwa bila kupandwa mwingine hauna wa kuivuta tena kaboni hiyo. Daftari lionyeshe kuni zilitoka wapi. Kuni mbichi nazo hupoteza moto kukausha maji yake zenyewe. Kuzianika chini ya paa huokoa mizigo mingi.

Fungu la tatu ni yaliyo nje ya lango, kuanzia shambani hadi melini. Sehemu ya mbolea ya naitrojeni hugeuka gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto sawa na kilo 270 hivi za hewa ya kaboni katika miaka 100. Kiwanda kinachoiacha kimepima ua wake tu.

Kwa hiyo mkulima naye ana lake la kuandika kila msimu: aina ya mbolea, idadi ya magunia na ukubwa wa shamba la chai.