Thamani ya Habari Kabla ya Kuamua (Sehemu ya Tatu): Homa ya Usiku Kabalagala

Wiki iliyopita tulimwacha mtu njia panda, analazimika kuamua na hajui. Leo twende Kabalagala, kando ya barabara ya Ggaba, mtaa wa Kampala unaokesha. Mama amesimama kwenye duka la dawa, mtoto mgongoni anachemka homa. Kiganja chake kimemwambia kuna joto, lakini joto huja hata na nimonia. Je, alipie kipimo cha haraka cha malaria, au asubiri hadubini?

Kwanza ajiulize: kikisema hakuna malaria, nitampa dawa mseto ya malaria au sitampa? Kama atampa tu, asitoe hata shilingi. Jibu lisiloweza kuugeuza mkono wako halina thamani kwako, hata likiwa kweli tupu. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kupima ni rahisi. Kuliamini jibu la "hakuna" na kuitafutia homa chanzo kingine ndiyo kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanatakwimu Mmarekani David Blackwell alionyesha kwamba chanzo kimoja cha habari hukishinda kingine kwa kila mwamuzi, awe anahofia nini, pale tu ambapo cha pili ni kile cha kwanza kilichochujuka. Mstari wa pili wa kipimo, hata ukififia, husomwa kuwa ni malaria. Baba wa mtoto akiletewa habari na kijana wa bodaboda aliyekitupia jicho gizani, habari hiyo haiwezi kamwe kukizidi kipimo chenyewe.

Kipimo na hadubini havipangiki hivyo. Vipimo vingi vya haraka hunasa protini ya vimelea vya malaria aina ya falciparum, nayo huweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dozi siku 10 zilizopita anaweza kuonyesha malaria ambayo imekwisha. Kwake hadubini husema zaidi, maana inamtafuta mdudu mwenyewe. Ila jicho lililochoshwa na slaidi nyingi hupitwa na vimelea vichache. Kwa mtoto ambaye hajatibiwa karibuni, saa nane za usiku na mtaalamu hayupo, kipimo cha haraka ndicho.

Ndiyo maana namsihi kila muuza dawa, kabla ya kumchoma mtoto kidole, aulize swali lisilo na bei: "Mama, mara ya mwisho alimeza dawa ya malaria lini?"

Itaendelea.