Pikapu ya Umeme Inalala Wapi?

Kwa mkulima wa Texas au fundi bomba wa Ohio, pikapu ni jembe. Asubuhi hubeba ngazi na mifuko ya saruji, jioni huwarudisha watoto kutoka mazoezini, Jumamosi huvuta mashua kwenda ziwani. Ndiyo maana Ford F-Series zimeongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977. Kampuni hiyo ilipoanza kuwakabidhi wateja F-150 Lightning, pikapu ya umeme mtupu, mwaka 2022, swali lilikuwa moja: itahimili kazi?

Kazi za siku hadi siku inazihimili vizuri. Dereva wa kawaida Marekani huenda kilomita 60 hivi kwa siku. Lightning yenye betri kubwa, ya kilowati-saa 131, ilipimwa kuwa inaweza kwenda kama kilomita 515 kwa chaji moja. Mwenye gereji ya kuegeshea nyumbani huchomeka waya usiku kwenye umeme wa volti 240, akaamka betri imejaa.

Chini ya boneti, palipokuwa pa injini, pana buti ya lita 400 yenye soketi zake. Nyuma kwenye bodi ziko nyingine. Seremala huchomeka msumeno papo hapo, bila kukodi jenereta. Umeme wa mtaa ukikatika, gari hilo huweza kuhudumia nyumba ya kawaida iliyofungiwa vifaa maalumu hadi siku 3, kwa hesabu ya Ford.

Mambo hubadilika tela likifungwa nyuma.

Mwaka 2022 jarida la MotorTrend liliifungia Lightning tela la kupigia kambi la tani 3 na ushei. Safari iliyotarajiwa kufika kilomita 480 ikaishia 145 hivi. Nguvu haikupungua, maana mota ya umeme huvuta kwa nguvu zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kilicholiwa ni betri: tela pana hupambana na upepo, na mwendo ukiongezeka upepo nao hukaza. Pikapu ya petroli pia hunywa zaidi ikivuta, lakini tangi lake hujazwa kwa dakika chache. Lightning huhitaji dakika 41 kwenye chaja yenye nguvu kutoka asilimia 15 hadi 80.

Kituoni nako kuna kazi. Vituo vingi vimejengwa kama maegesho ya dukani: gari huingiza pua, na waya ni mfupi. Mwenye tela hawezi kuingia bila kuziba njia. Inambidi ashuke, alifungue tela, aliache pembeni, achaji, kisha arudi kinyumenyume kulifunga upya. Baada ya muda mfupi barabarani, anaanza tena.

Baridi nayo hula chaji. Chama cha madereva cha AAA kilipima magari ya umeme mwaka 2019 kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, kipasha joto kikiwa kimewashwa, kikakuta umbali umepungua kwa wastani wa asilimia 41. Injini ya petroli huwapa abiria joto ambalo lingepotea bure. Gari la umeme hulichota kwenye betri.

Familia isiyovuta tela ina nafuu. SUV ya umeme kama Kia EV9, yenye safu 3 za viti, huchajiwa kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 24 hivi kwenye chaja zenye kasi zaidi.

Bei ndiyo iliyowakatisha wengi tamaa. Lightning ilitangazwa mwaka 2021 kwa chini ya dola 40,000. Kufikia 2023 ya bei ndogo kabisa ilikuwa imekaribia 60,000, kabla ya kupunguzwa. Nafuu ya kodi ya dola 7,500 iliyotolewa na serikali ilikoma Septemba 30, 2025. Desemba mwaka huo Ford ikatangaza kuachana na Lightning ya umeme mtupu. Itakayofuata itabeba injini ya petroli ya kuzalisha umeme safarini.

Kwa mwenye gereji na safari fupi, basi, magari haya yako tayari. Mpangaji wa ghorofani anayeegesha barabarani atahangaika kutafuta chaja ya umma, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko umeme wa nyumbani. Kabla ya kuuliza bei ya gari, mnunuzi atazame ukuta wa mahali anapoegesha: je, fundi anaweza kuweka pale soketi ya volti 240?