Bonga Tunabonga: Kongowea ni Mwana

Oya mwanangu, sogea kijiweni. Leo hapa Bonga, Babati, tunabonga kitu kizito. Siyo mpira, siyo mademu, siyo raba mpya za mtu. Riwaya. Ndiyo, riwaya. Acha kuguna.

Inaitwa Siku Njema. Kaiandika Ken Walibora, mwamba wa Kenya, ikatoka 1996. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, ila stori bado ya moto kuliko chipsi za stendi. Dogo anaitwa Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga, wa kwetu kabisa. Maza wake, Zainabu Makame, anaimba taarabu. Mshua hayupo, katokea Kenya na kapotelea huko. Mara maza anafariki. Dogo anaenda kulelewa kwa Mzee Kazikwisha, na noma inaanzia hapo.

Mle ndani anakiona cha mtema kuni. Ila dogo kakomaa! Shule anapasua, Kiswahili chake levo nyingine. Mwisho anajilipua: anavuka mpaka kumsaka dingi wake, mpaka Kitale huko. Simalizi. Bonga tunabonga, ila stimu za watu hatukati.

Kitabu kukipata Babati mtihani. Wana sita tukachanga buku mbili mbili, mshikaji anayekwenda na mizigo Arusha akatuletea. Unasema ghali? Buku mbili yako inaishia kwenye bando, unaangalia watu wakicheza, asubuhi huna bando wala stori. Kitabu kimezunguka vijiwe vitatu na bado kinasomeka. Nani kapigwa hapo?

Sasa sikia cha aibu kuhusu watoto kama Kongowea. Malezi ya kambo yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwenye makaratasi ya serikali ni kitu cha heshima: mtoto kakosa wa kumlea, familia nyingine inampokea. Neno hilohilo likifika kitaa linageuka tusi. "Wewe si wa kambo tu!" Ushamba huo, mwanangu. Mtoto hakuchagua nani afe, nani asepe. Aibu ni ya nyumba inayomhesabia tonge. Anayekula hana deni.

Wazee nao na misemo yao: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wapi! Kongowea kalelewa kwa masimango na kakua mtu wa maana. Msemo umekufa, tuzike. Mzee mmoja wa kahawa katuona na kitabu, akasema tunapoteza muda. Mzee huyo yupo kwenye bao toka asubuhi, na kafungwa.

Walibora alifariki Nairobi, Aprili 2020. Inauma, maana mtu huyu aliwaandikia watoto ambao kwenye picha ya familia wanaambiwa wasogee pembeni. Akamweka mmoja katikati ya kitabu kizima. Huko ndiko kukubalika. Mtu anakuita kwa jina lako, hakuiti "yule tuliyemchukua".

Kijiweni kwetu kuna mwana, simtaji. Kalelewa nyumba tatu tofauti. Miaka yote kimya, kama kiboko wa Ziwa Babati saa sita mchana: unajua yupo, humsikii. Jioni moja tunasoma kwa zamu, tumefika kwa Kazikwisha, akanyoosha mkono. "Hapa nisome mimi." Akasoma kwa sauti, taratibu, mpaka boda wakazima pikipiki wasikilize. Alipomaliza akaweka kitabu mapajani na kuanza kubonga ya kwake. Nyumba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Hakuna aliyecheka. Mmoja akamsogezea chapati yake, nzima, haijamegwa.

Toka siku ile neno "wa kambo" limepigwa marufuku kijiweni. Ukilitoa, chai ya wote juu yako.

Na kitabu anakitunza yeye. Ukikitaka, njoo Bonga umwombe. Ila jiandae kukaa, mwana siku hizi anabonga kinoma.